Barua ya wazi kwa marais wa vyuo vya Ivy: pelekeni mashindano uwanja usio na mwenyewe

Kwenu marais wa vyuo vya Brown, Columbia, Cornell, Dartmouth, Harvard, Pennsylvania, Princeton na Yale,
na kwako Bi. Robin Harris, Mkurugenzi Mtendaji wa Ligi ya Ivy, Princeton, New Jersey.

Yah: Ombi la kuhamishia mashindano ya kikapu ya mwisho wa msimu kwenye uwanja huru

Waheshimiwa,

Kabla ya yote niseme niko upande gani, msije mkafika katikati ya barua mkaona kuna kitu nilikificha. Mimi ni shabiki wa Penn, yaani Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Ninaishi magharibi mwa Philadelphia, na kutoka mlangoni kwangu hadi Palestra, ukumbi wa kikapu wa Penn, ni mwendo wa miguu wa dakika ishirini na kitu. Mashindano yenu yakifanyika pale sipandi gari, silipi hoteli, na timu yangu inacheza mbele ya watu wake. Ninachokuja kukiomba kinaninyang'anya hayo yote. Naomba mashindano ya Machi, ya wanaume na ya wanawake, yatoke kwenye viwanja vya vyuo vyenu yaende kwenye uwanja ambao hakuna hata mmoja wenu anayeuita nyumbani.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu hoja hizi zilizaliwa kwa Kiswahili. Wikiendi nyingi za baridi tumezimaliza sebuleni kwangu, sisi Watanzania pamoja na majirani zetu Wakenya na Wakongo, tukiangalia kikapu na kubishana mpaka chai inapoa. Nakala ya Kiingereza ameitafsiri binti yangu na itawafikia kwa posta. Hii ni ya wenzangu, waone kwamba niliyowasemea ndiyo tuliyokubaliana.

Kwa msomaji asiyeifuata ligi hii: Ivy ni vyuo vikuu vinane vya kaskazini mashariki mwa Marekani ambavyo havimlipii mtu masomo kwa sababu ya michezo. Kila timu hucheza mechi 14 za ligi, ikikutana na kila mpinzani mara mbili, nyumbani na ugenini. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa hukumu yote. Aliyeongoza msimamo baada ya mechi 14 alikwenda kwenye mashindano ya taifa ya NCAA, wengine wakarudi darasani. Ligi nyingine zote za daraja la kwanza zilikuwa zimeshaweka mtoano wa mwisho wa msimu, ninyi mkawa wa mwisho kuukubali. Mliamua mwaka 2016, na Machi 2017 timu nne za juu zikakutana kwa mara ya kwanza. Mshindi ndiye anayepewa tiketi. Kwa upande wa wanaume kwa kawaida tiketi huwa ni hiyo moja tu, ukiikosa msimu umekwisha.

Siku ile ya kwanza nilikuwepo.

Ilikuwa Machi 11, 2017, Palestra. Jengo lile lilifunguliwa Januari 1, 1927, na mtu aliyewahi kukaa kwenye mabenchi yake anajua jinsi sauti inavyopanda, ikagonga dari, ikarudi kichwani kwako. Princeton walikuwa wamecheza mechi 14 na kushinda zote 14. Penn, timu yangu, walikuwa wameshinda 6 na kupoteza 8, wakaponea chupuchupu nafasi ya nne. Katika zile 14 za kwao, mbili walitufunga sisi. Halafu mkatukutanisha mara ya tatu, nusu fainali, na safari hii nyumbani kwetu.

Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Zikiwa zimebaki sekunde chache tulikuwa mbele kwa pointi 2. Mpira wa Princeton ukagonga ringi ukarudi, Myles Stephens akauwahi hewani akaurudishia ndani, ikawa 59-59. Dakika za nyongeza wakatushinda, 72-64, na kesho yake wakawafunga Yale 71-59 wakachukua kombe. Wapo wanaosema basi mambo yaliisha vizuri, aliyestahili alishinda. Mimi nilikuwa ukumbini. Najua tulivyobakiza kidogo kuifuta kazi ya msimu mzima ya vijana ambao hawakupoteza hata mechi moja ya ligi, na najua ni nini kilichotusogeza karibu namna ile. Hatukuwa tumewazidi. Tulikuwa kwetu. Nikitembea kurudi nyumbani usiku ule nilijikuta nashukuru kwamba tumefungwa, na kwa shabiki hilo si jambo dogo hata kidogo.

Nilicheza kikapu utotoni, Dar es Salaam, kwenye viwanja vya saruji. Kulikuwa na shule moja tuliyokuwa tukiogopa kwenda kwao. Ringi yao ya upande wa barabarani ilikuwa imelala kidogo kushoto. Wao walishaizoea: ukirusha kutoka kulia lenga ubao, ukirusha kutoka kushoto upandishe mpira zaidi. Sisi tulikuwa tunajifunza mechi ikiendelea, na tulipokuja kuielewa ringi, mechi imekwisha. Hakuna aliyetuibia. Wao pia walipokuja kwetu walipata taabu na sakafu yetu iliyokuwa na ufa katikati, mpira ukidunda pale unakwenda unakotaka wenyewe. Ndiyo maana ya nyumbani na ugenini. Nikija kwako naumia, ukija kwangu unaumia, tumelipana.

Viwanja vyenu havina ringi zilizolala wala nyufa. Lakini mwenyeji bado anajua mambo ambayo mgeni hayajui: mpira unavyoitikia sakafu, kinachoonekana nyuma ya ubao wakati wa kurusha, ukuta uko mbali kiasi gani. Amelala kitandani mwake, amekula alichozoea. Na mwamuzi ni binadamu. Watu elfu kadhaa wakiguna kwa pamoja, filimbi nayo ina masikio. Katika ligi ya mechi 14 madeni hayo yote yanalipwa. Kwenye mtoano wa mwisho wa wiki moja hakuna marudiano, kwa hiyo deni linabaki kwa mgeni, naye anarudi nalo nyumbani.

Tazameni yaliyofuata. Mwaka 2018 mlirudi Palestra. Harvard na Penn walimaliza ligi sawasawa, ushindi 12 na vipigo 2, Harvard wakawekwa wa kwanza. Fainali: Penn 68, Harvard 65. Mwaka 2019 mkaenda New Haven, kwa Yale. Harvard walikuwa tena wa kwanza kwenye orodha. Fainali: Yale 97, Harvard 85. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Princeton, ndani ya ukumbi wao wa Jadwin. Safari hii wa kwanza walikuwa Yale, na katika ligi walikuwa wamewafunga Princeton mara zote mbili. Fainali: Princeton 74, Yale 65.

Kati ya 2017 na 2025 mwenyeji alifika fainali ya wanaume mara tatu. Mara zote tatu alikuwa wa pili kwenye orodha, na mara zote tatu alimfunga wa kwanza. Sisemi kwamba ni uwanja peke yake. Mwaka 2018 Harvard walimpoteza Seth Towns, mchezaji bora wa ligi wa msimu ule, aliyeumia fainali ikiwa inaendelea. Na Princeton wa 2023 walionyesha kuwa si timu ya kubebwa: walikwenda kwenye mashindano ya taifa wakawafunga Arizona 59-55, kisha Missouri 78-63, wakaingia kumi na sita bora. Niliwashangilia, mimi wa Penn, na mtu wa Philadelphia anajua hilo lina uzito gani. Sina neno na Princeton. Ninaowafikiria ni wale Yale, waliokwishawashinda watu wale mara mbili, wakaambiwa nendeni kwao mkawashinde mara ya tatu. Wangekutana mahali pengine ingekuwaje? Hawajui, na hakuna wa kuwaambia.

Kwa wanawake mambo hayakwenda hivyo, na nisingetenda haki kuyaruka. Mwaka 2018 Princeton waliwafunga Penn 63-34 palepale Palestra. Mwaka 2024 wakawafunga Columbia 75-58, na Columbia walikuwa kwao. Timu ikiwa na nguvu kiasi kile itashinda hata ikichezea uani kwa mpinzani. Lakini faida ya nyumbani huwezi kuipima siku ambayo mmoja amemzidi mwenzake kwa pointi 29. Inaonekana pale nguvu zinapolingana, na mashindano yanawekwa kwa ajili ya siku za namna hiyo.

Kisha angalieni miaka ambayo mwenyeji wa wanaume hakufuzu. Mwaka 2022 Harvard waliandaa na hawakuwemo katika nne bora: Yale 66, Princeton 64. Mwaka 2024 Columbia waliandaa na hawakuwemo: Yale 62, Brown 61, kikapu cha Matt Knowling king'ora kikilia, na siku chache baadaye Yale wakawatoa Auburn 78-76. Mwaka 2025 Brown waliandaa na hawakuwemo: Yale 90, Cornell 84. Princeton wa 2022 walikuwa wa kwanza kwenye orodha na wakafungwa, lakini sijamsikia mtu wa Princeton akisema uwanja ulimwonea. Maana yake uwanja huru mmeshauonja mara tatu, kwa bahati tu. Naomba muupate kwa kukusudia.

Na kinachonisumbua kuliko vyote ni kwamba jambo hili mlikuwa mnalijua zamani.

Kabla ya 2017, timu mbili zikilingana kileleni mlikuwa mnazichezesha mechi moja ya kuamua. Mlizichezesha wapi? Mwaka 1996 Princeton na Penn mliwapeleka Bethlehem, kwenye uwanja wa Lehigh, chuo ambacho hakimo kabisa katika ligi yenu. Princeton wakashinda 63-56 baada ya dakika za nyongeza, kocha Pete Carril akatangaza kwamba anastaafu, na siku chache baadaye vijana wake wakawatoa UCLA, mabingwa watetezi, 43-41. Wazee wa Penn ninaokaa nao bado wanaumia wakiitaja mechi ya Bethlehem. Hakuna hata mmoja anayeulaumu uwanja.

Mwaka 2002 ilikuwa ngumu zaidi, na hapo ndipo ninapoiona busara yenu. Penn, Princeton na Yale walimaliza wote watatu na ushindi 11. Mechi ya kwanza ilikuwa ya Yale na Princeton, mkaichezesha Palestra, kwa kuwa Penn hawakuwemo. Yale wakashinda. Mechi ya pili ikawa ya Yale na Penn. Palestra ilikuwa palepale, tayari, taa zake zinawaka, watu wake wapo. Mkakataa. Mkawachukua wote wawili mpaka Easton, kwenye uwanja wa chuo cha Lafayette. Penn tulishinda, 77-58, na ushindi ule tunaweza kuusimulia mbele ya mtu yeyote wa Yale tukimtazama usoni. Aliyefanya uamuzi ule ofisini kwenu alielewa kitu. Sijui ni lini ofisi ilikisahau.

Mwaka 2011 Princeton na Harvard waliamuliwa New Haven, kwa Yale, wote wawili wakiwa wageni. Douglas Davis akarusha mpira wa mwisho wakati saa inakwisha, Princeton 63, Harvard 62. Harvard hawakwenda kwenye mashindano ya taifa mwaka ule, kwa pointi moja. Inauma, lakini ni maumivu safi.

Na mwaka 2015 Harvard na Yale walikuja Palestra. Hii niliiona kwa macho yangu. Ukumbi ni uleule ambao miaka miwili baadaye ningepiga kelele mpaka koo likauke, lakini siku ile haukuwa wa mtu. Upande mmoja wekundu wa Harvard, upande mwingine buluu ya Yale, na katikati yao sisi wa Philadelphia tuliokuja kuangalia kikapu kwa sababu tunakipenda. Nilikumbuka nyumbani. Simba na Yanga hawakubaliani juu ya chochote, lakini wakikutana Uwanja wa Benjamin Mkapa uenyeji ni wa kwenye karatasi tu. Jukwaa limegawanyika, nyekundu huku, kijani na njano kule, na kila upande unakohoa mwenzake anasikia. Palestra ilikuwa hivyo. Kelele zilikuwa zinahama kutoka upande huu kwenda upande ule kadiri mpira unavyohama. Mwishoni kabisa kijana wa Cameroon, Steve Moundou-Missi wa Harvard, akapokea mpira, akaruka, akatupia: 53-51. Sisi Waafrika wachache tuliokaa pale juu tulisimama bila kujali nani anashangilia nani. Watu wa Yale waliokuwa karibu nami walilia. Hakuna aliyesema tumeonewa.

Hicho ndicho ninachokitaka kila Machi, na kilitokea katika jengo lenu wenyewe.

Najua jibu ambalo limeshaandaliwa: mashindano yanazunguka, kila chuo kitapata zamu yake, kwa hiyo mwishowe mambo yatalingana. Yatalingana kwa vyuo. Chuo kina karne kadhaa za kuishi, kinaweza kusubiri zamu. Mchezaji ana miaka minne. Chukueni kijana aliyeingia Dartmouth mwaka 2021 akamaliza 2025. Katika miaka yake yote minne mashindano yalikuwa kwa Harvard, kwa Princeton, kwa Columbia na kwa Brown. Mwaka wake wa mwisho Dartmouth walifuzu mashindano haya kwa mara ya kwanza tangu yaanzishwe, timu ambayo haijaonekana kwenye mashindano ya taifa ya wanaume tangu 1959, na zamu ya chuo chake ilikuwa haijafika. Mwenzake wa Princeton aliyemaliza 2023 aliikuta zamu ikimsubiri katika mwaka wake wa mwisho. Mizani ya miaka minane haimsaidii mtu mwenye minne. Mzunguko unagawa bahati kwa usawa baina ya majengo, na wanaocheza si majengo.

Wengine watasema: basi aliyeongoza ligi ndiye awe mwenyeji, kama zinavyofanya ligi za Patriot League na America East. Hoja hiyo naiheshimu, maana faida anapewa aliyeitolea jasho. Ingekuwa wanaume peke yao ningeikubali kesho. Lakini ninyi mmefanya jambo jema ambalo ligi nyingi hazijalifanya vizuri: mnawaweka wanawake na wanaume mahali pamoja, wikiendi moja, chini ya paa moja. Binti yangu alipokuwa mdogo alijifunza kikapu kwa kuangalia nusu fainali za wanawake huku akisubiri za wanaume, kisha ikafika siku akawa anazisubiri za wanawake. Mkimpa uenyeji kila aliyeongoza, wanawake watakuwa Princeton na wanaume New Haven, na kile mlichokijenga kitavunjika. Mkitaka kuwaweka pamoja na mkitaka haki, sioni njia nyingine isipokuwa uwanja usio na mwenyewe.

Wapi? Mimi ningewapeleka Springfield, Massachusetts.

Hapo ndipo James Naismith alipotundika vikapu viwili vya matunda Desemba 1891 akawapa wanafunzi wake mpira. Jina la mchezo kwa Kiswahili bado linakitunza kikapu kile. Ukumbi wa kumbukumbu wa wachezaji mashuhuri uko hapo. Na uhusiano wenu na asili ya mchezo huu si wa kubandika: Machi 20, 1897 Yale waliwafunga Penn 32-10 mjini New Haven, mojawapo ya mechi za kwanza kabisa baina ya vyuo za watu watano kwa watano. Springfield ina ukumbi wa MassMutual Center, wenye viti kama 7,000 hivi, na ligi ya MAAC ilifanyia mashindano yake humo kuanzia 2012 hadi 2014. Kwa gari, Yale ni kama saa moja. Brown na Harvard ni saa moja na nusu, Dartmouth karibu saa mbili, Columbia inakaribia tatu. Treni inakwenda kutoka New Haven. Walio mbali ni Cornell, Princeton na sisi wa Penn, na nimeshasema sisi wa Penn tunalibeba hilo.

Mtaniambia MAAC hawakukaa, baada ya miaka mitatu walihamia Albany. Ni kweli. Na mtaniambia viti vitakuwa vitupu, na ukumbi mtupu unaua mchezo. Hofu hiyo naielewa kuliko zote, kwa sababu nimekaa kwenye kumbi tupu na najua zinavyomfanya mchezaji ajione anafanya mazoezi. Lakini angalieni mnakochezea sasa. Uwanja wa Harvard una viti visivyofika 1,700. Wa Columbia na wa Brown ni kama 2,700 au 2,800 kila mmoja. Mashabiki wa timu nne za wanaume na nne za wanawake, wahitimu wenu waliojaa Boston, New York na Connecticut, wanagombania viti ambavyo shule ya sekondari ya hapa ingeweza kuvijaza. Watu 4,000 katika Springfield, pazia likiwa limeshushwa kwenye majukwaa ya juu, ni ukumbi wenye uhai. Na mashabiki wanahitaji kujua mapema. Ligi ya Big East iko Madison Square Garden, New York, tangu 1983, na ligi ya Missouri Valley iko St. Louis tangu 1991; watu wao huomba likizo ya Machi mwaka mmoja kabla, babu na mjukuu, kwa sababu wanajua watakwenda wapi. Ninyi kila mwaka mnawaambia watafute ramani upya. (Garden yenyewe si huru kabisa, St. John's, chuo cha Big East, huchezea humo baadhi ya mechi zao za nyumbani. Msiige kila kitu.)

Kuhusu gharama sitasema mengi. Mfuko wa Harvard peke yake una zaidi ya dola bilioni 50. Hoteli za usiku mbili tatu kwa timu nane hazitawafilisi.

Wala sidhani mnaogopa kuamua. Machi 10, 2020 mliyafuta mashindano yenu kwa ajili ya korona wakati ligi nyingine bado zinauza tiketi. Mlitukanwa siku ile, nakumbuka. Kabla ya wiki kwisha kila mtu alikuwa amewafuata. Mkishaona jambo ni sahihi huwa hamsubiri wengine.

Sitaki Cornell na Dartmouth wanyimwe. Mpaka 2025 wao wawili ndio hawakuwa wameandaa hata mara moja, Cornell walipangiwa 2026, na watu wa Ithaca na Hanover, miji ya vyuo hivyo, wana haki ya kuona Machi ikija kwao kama ilivyokuja kwetu Philadelphia mara mbili. Mzunguko uwafikie wote wanane. Lakini usianze tena. Katika kikao chenu kijacho wekeni jambo hili kwenye ajenda, waulizeni manahodha wa timu zote kumi na sita, wanaume na wanawake, wangependa kuchezea wapi fainali, kila mmoja ajibu akiwa hajui zamu ya nani inafuata. Ombeni bei kutoka Springfield, na kutoka ukumbi mwingine wowote mnaoona unafaa, mradi usiwe wa mmoja wenu. Tangazeni mahali pamoja kwa miaka mitano, watu wapate kuzoea njia.

Mkitangaza, mimi na binti yangu tutapanda basi la alfajiri. Tutavaa nyekundu na buluu za Penn, tutakaa popote mtakapotuuzia, na tukifungwa tutafungwa tukiwa wageni kama waliotufunga.

Wenu kwa heshima,

Shabiki wa Penn
Philadelphia Magharibi, Pennsylvania